Mama wa Mtu Mwingine

Iko nchi moja ambayo hadi leo haina jina. Si kwamba watu wake ni wavivu wa kufikiri, la hasha. Kamati ya Kuipa Nchi Jina iliundwa siku ileile ya uhuru. Ina wajumbe arobaini na wawili, gari, dereva wa gari na mlinzi wa dereva, nayo hukutana kila Jumatatu bila kukosa. Shida ni kwamba jina likipatikana kamati itavunjwa, na wajumbe arobaini na wawili watakosa pa kwenda Jumatatu. Kwa hiyo, kwa kuoneana huruma, wanaendelea kutafuta.

Na katika nchi hiyo hakuna aibu inayoshinda ya kukosa pa kwenda. Watu wake hawaulizani habari za asubuhi. Huulizana, "Uko wapi siku hizi?" na mtu akishajibu kwamba yuko Bandari, au yuko Wizara ya Mabomba, ndipo anapopewa mkono. Muda wa kushikana mikono umepangwa kwenye waraka. Mkurugenzi hushikwa mpaka aseme basi. Karani hushikwa kwa hesabu ya tatu. Kibarua hupewa vidole viwili. Asiye na pa kwenda hapewi kitu, ila haikatazwi kumpungia kwa mbali.

Msomaji asije akadhani nchi hiyo ina tatizo la ajira. Lilikwisha zamani, tena lilikwisha siku ya Alhamisi, saa sita kamili mchana, Mheshimiwa Waziri wa Ajira Kamili alipopanda jukwaani akapangusa jasho kwa leso yenye picha yake mwenyewe.

"Ndugu wananchi," alisema, "serikali yenu sikivu imelitazama suala la watu wasio na kazi kwa jicho la pekee. Tumeunda tume. Tume imekwenda, imerudi. Imegundua kwamba tatizo si kazi. Tatizo ni hao watu! Kuanzia sasa hivi ninapozungumza, mtu asiye na kazi hayupo katika nchi hii. Na kama mtaona anayefanana naye, huyo ni mwingine."

Watu walipiga makofi mpaka mikono ikawauma. Wiki ileile madaftari yote ya serikali yaliongezwa safu mpya upande wa kulia, iliyoandikwa "Mwingine", na kila aliyekuwa hana kazi akahamishiwa humo. Takwimu zikang'aa. Wageni walikuja kutoka nchi zenye majina kujifunza zilivyong'arishwa.

Sasa tumfuate Mbaruku, maana habari hii ni yake.

Mbaruku alikuwa mpima wino katika Shirika la Mihuri ya Taifa. Kwa miaka kumi na minne aligonga mihuri mipya kwenye karatasi tupu, akainama, akatazama kama imetoka sawasawa. Alikuwa na jicho kweli, hilo hata maadui zake walilikubali. Ikatokea mwaka mmoja barua ya kuliongezea shirika muda inahitaji kugongwa muhuri. Muhuri wenyewe ulikuwa ndani ya stoo, na stoo haikuwa ikifunguliwa ila kwa barua iliyogongwa muhuri. Wafanyakazi mia tatu walisimama nje ya mlango wa stoo kwa wiki mbili, kwa nidhamu ya hali ya juu. Kisha akaja mtu na kipaza sauti akawaambia kwamba wao sasa ni wengine.

Mbaruku alirudi nyumbani kwa wazazi wake akiwa na miaka arobaini na moja na mkoba wa ngozi usio na kitu ndani. Kinyozi wake, aliyezoea kumkalisha kwenye kiti chenye mto, alimnyoa kisogo tu akasema upande wa mbele unamtosha hivyo hivyo. Waliotaka kuwa wakwe zake walituma ujumbe kwamba binti yao amepata safari ndefu ya ghafla. Kesho yake binti alionekana sokoni akichagua bamia. Mbaruku alimpungia, naye binti, aliyelelewa vizuri, akazidi kuchagua bamia.

Hayo yote aliyameza. Lililomkaba ni lile la mazishi ya baba yake.

Katika nchi hiyo maiti haifukiwi mpaka usomwe wasifu wa marehemu, na wasifu husomwa na mtendaji wa mtaa. Husomwa watoto wa marehemu, kila mmoja na pa kwenda pake. Siku hiyo Mbaruku alikuwa ndani ya kaburi. Ndiye aliyelichimba tangu alfajiri, ndiye aliyeshuka kumpokea baba yake, na alikuwa bado amemshika kichwa akimlaza vizuri wakati Bwana Ndimbo, mtendaji, alipokohoa huko juu akafungua faili.

"Marehemu ameacha mjane mmoja na watoto," alisoma. "Hemedi, Ofisa Mwandamizi wa Kupokea Ndege. Salha, Katibu Msaidizi wa Kamati ya Kuipa Nchi Jina. Zaituni, Msimamizi wa Wasimamizi, Wizara ya Mabomba." Akageuza ukurasa. "Na mwingine mmoja."

Mbaruku aliinua uso kutoka shimoni. Aliona viatu tu, vingi, vimepigwa rangi. Hakuna aliyetazama chini. Alipotoka alikuwa na udongo mpaka kwenye kope, na kaka yake Hemedi, mtu mwema, alimwambia taratibu asimame nyuma kidogo ili wageni wa ofisini wapate kupita.

Jioni mama yao, Bi Mwanasha, alimwita chumbani. Miguu ya Bi Mwanasha ilikuwa imekwisha nguvu tangu mwaka jana, na kifua kilikuwa kikimsumbua.

"Mbaruku, baba. Umesikia walivyomsomea baba yako?"

"Nimesikia, mama."

"Mimi nimezaa wanne. Sikuzaa watatu na mwingine. Uchungu nilioupata kwako niliupata siku mbili, wale wenzako walikuja upesi upesi. Basi nikifa nataka nisomewe wanne, kwa majina. Usinifukie na aibu hiyo, mwanangu. Ukinipenda, tafuta pa kwenda."

Mbaruku aliapa. Na huo ukawa mzigo wake wote duniani, kwamba mama yake asifukiwe kabla jina lake yeye Mbaruku halijasomwa.

Lakini kuapa ni kitu kimoja na kupata ni kingine. Hemedi alikuwa hapatikani mchana. Uwanja wa ndege aliokuwa akifanyia kazi haujapata kutuliwa na ndege tangu ufunguliwe, na ndiyo maana hawezi kubanduka, kwa sababu ndege ya kwanza inaweza kuja wakati wowote. Salha alikuwa na vikao. Zaituni alikuwa akiwasimamia wasimamizi. Aliyebaki wa kumwosha mama, kumgeuza kitandani, kumkorogea uji wenye ndimu na kumkanda kifua alikuwa Mbaruku, ambaye, kama kila mtu alivyojua, alikuwa hafanyi kitu.

Bi Mwanasha hakutaka majirani wamwone mwanawe ameshinda nyumbani. Kwa hiyo kila siku saa moja na nusu asubuhi Mbaruku alivaa koti na tai, akachukua mkoba, akatoka kwa mlango wa mbele akiaga kwa sauti ya kusikika mtaa mzima. "Nakwenda, mama!" Naye mama akajibu kwa nguvu zake zote zilizobaki, "Haya, baba, uwahi!" Mbaruku alitembea mpaka mwisho wa barabara, akakata kulia, akaingia kwenye uchochoro ulio nyuma ya nyumba, akarudi kwa mlango wa jikoni. Hapo akavua koti, akakunja mikono ya shati, akabandika uji.

Siku ya kwanza alidhani uchochoro utakuwa mtupu. Alikuta wanaume kumi na mmoja na wanawake wanne, wote na tai na mikoba na viatu vya kisigino, wamejipanga mstari mmoja kwa sababu njia ni nyembamba, kila mmoja anarudi kwao kwa mlango wa nyuma. Hakuna aliyemshangaa mwenzake.

"Umewahi?" aliuliza wa mbele yake.

"Nimewahi, tunashukuru. Na wewe?"

"Foleni kidogo leo."

Huyo wa mbele alikuwa Makame, jirani wa nyumba ya pili, zamani mchoraji wa mistari ya barabara. Mistari ilikwisha, au barabara ndizo zilizokwisha, hakumbuki vizuri. Naye alikuwa akimtunza mama yake, Bi Nunu, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena. Walizoeana hapo uchochoroni, na kwa heshima hawakuulizana wako wapi siku hizi.

Mwezi wa tatu kifua cha Bi Mwanasha kilianza kukoroma, na Mbaruku akaona muda unamwishia. Alipiga moyo konde akaenda ofisi ya mtaa. Bwana Ndimbo alikuwa nyuma ya meza kubwa yenye vibao vitatu vyote vyenye jina lake, ili mgeni akitokea upande wowote asipotee.

"Uko wapi siku hizi?" aliuliza bila kuinua macho.

"Niko nyumbani namtunza mama, mheshimiwa. Nimekuja kuomba niandikishwe kwa kazi hiyo."

Bwana Ndimbo aliweka kalamu chini.

"Mama wa nani?"

"Mama yangu."

"Sasa ndugu yangu, hiyo si kazi. Hiyo ni tabia." Alivuta kitabu cha sheria, akalamba kidole. "Sikiliza. Kazi ni shughuli yoyote ambayo mtu anaifanya mbali na kwao, kwa saa maalumu, huku ameudhika. Wewe unapomtunza mama yako unaudhika?"

Mbaruku alifikiri kwa uaminifu. "Siku nyingine nachoka."

"Kuchoka si kuudhika. Angekuwa ni mama wa mtu mwingine, hapo tungezungumza. Lakini mama yako mwenyewe?" Alitikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Mtu akikuona utaitia serikali aibu."

Mbaruku alirudi kwa njia ya uchochoro ameinamisha kichwa. Makame alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jikoni kwao, anachambua mchele wa Bi Nunu. Mbaruku akamsimulia neno kwa neno. Makame aliacha kuchambua.

"Kasema mama wa mtu mwingine?"

"Hivyo hivyo."

"Bwana wee, mimi si mtu mwingine?"

Walitazamana. Kesho yake walikwenda pamoja. Mbaruku aliomba kumtunza Bi Nunu, Makame akaomba kumtunza Bi Mwanasha. Bwana Ndimbo alisoma maombi mara mbili, akasimama, akavaa koti ambalo huvaliwa siku za taifa tu, akawapa mikono kwa hesabu ya tatu.

"Ubunifu wa namna hii," alisema, "ndio Mheshimiwa Waziri anaoulilia usiku na mchana. Mmetengeneza ajira mbili hapa ambapo palikuwa na tabia mbili!"

Wakapewa vitambulisho vya kuvaa shingoni. Mbaruku akawa Ofisa Mtunza Mama, Daraja la Tatu. Siku hiyo kinyozi alimnyoa kichwa chote na kumpaka poda. Mtu aliyempita kila siku bila kumwona alivuka barabara kuja kumpa mkono, akaushika zaidi kuliko waraka unavyoruhusu. Binti wa bamia alirudi safarini.

Bi Mwanasha alikishika kitambulisho, akakipapasa, akamwambia akivae apite mbele ya dirisha. Mbaruku akapita. Akamwambia arudi apite tena. Akapita mara nne. Alipoingia ndani alimkuta mama yake analia kwa furaha, kanga kaikumbatia kifuani.

"Sasa nikifa nimekufa vizuri," alisema.

Mbaruku naye alifurahi, nisiseme uongo. Alifurahi mpaka usingizi ukampaa.

Ila kazi ina masharti yake. Kipo kifungu kinachosema kwamba Ofisa Mtunza Mama, awapo kazini, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, haruhusiwi kuwa ndani ya hatua thelathini kutoka kwa mama yake mzazi, ili kuepuka mgongano wa maslahi. Akikiuka, kazi imekwisha siku hiyohiyo, na jina linarudi kwenye safu ya kulia. Kutoka jikoni kwa Bi Nunu hadi dirisha la Bi Mwanasha ni hatua thelathini na nne. Bwana Ndimbo alikuja kupima mwenyewe, kwa miguu yake, na akapiga mstari wa chokaa kando ya ua.

Mbaruku alimwosha Bi Nunu, akamlisha, akamsomea magazeti ya zamani. Bi Nunu kwa kutoona alimwita Makame, na Mbaruku akaitika, maana kumsahihisha kulimtia huzuni. Ng'ambo ya ua alimsikia mama yake akikohoa. Alijua kikohozi kile kinataka nini. Kilitaka akalishwe wima, apigwe mgongo taratibu chini ya bega la kushoto. Makame alikuwa akimpiga bega la kulia. Tena Makame alikuwa anaweka tangawizi nyingi kwenye uji, maana ndivyo Bi Nunu alivyopenda, na Bi Mwanasha tangawizi humchoma.

Mbaruku hakuvuka mstari. Aliandika dokezo, kama utaratibu unavyotaka, akalipeleka ofisi ya mtaa ili ofisi ya mtaa ilipeleke kwa Makame. "Tafadhali mama asiwekewe tangawizi. Apigwe mgongo kushoto." Baada ya siku tisa lilikuja jibu lililogongwa muhuri, muhuri wenyewe umekwenda upande: "Dokezo lako limepokelewa na linafanyiwa kazi."

Jioni baada ya saa kumi alikimbilia kwao, akamkuta mama amelala. Akiamka walizungumza kidogo.

"Makame anakutunza vizuri, mama?"

"Kijana mzuri. Mikono yake migumu kidogo." Kisha akaongeza upesi, asije akamvunja moyo, "Lakini wewe kazi usiiache."

Siku ya Jumatano, saa nne asubuhi, Mbaruku akiwa anamchana Bi Nunu nywele, alimsikia Makame akipiga kelele ng'ambo ya ua.

"Mbaruku! Njoo! Mama hali yake si nzuri, njoo upesi!"

Mbaruku alitupa kitana akakimbia mpaka kwenye mstari wa chokaa, na hapo miguu ikakataa. Napenda kueleza jambo hili kama lilivyokuwa, kwa sababu wapo wanaosema alizuiwa. Hakuzuiwa na mtu. Uchochoro ulikuwa mtupu na mlango wa jikoni kwao ulikuwa wazi. Alisimama pale, akawaza: nikivuka, kazi imekwisha leo. Kazi ikiisha leo na mama akafa leo, atasomewa watatu na mwingine. Nilimwapia.

"Njoo, bwana!" Makame aliita tena. "Anakutafuta!"

"Mwambie nakuja! Naomba ruhusa!"

Akageuka akakimbilia ofisi ya mtaa. Fomu ya Ruhusa ya Dharura ina kurasa sita. Ukurasa wa kwanza huuliza dharura inatarajiwa kuanza lini. Alijaza upesi upesi. Bwana Ndimbo, ambaye si mtu mbaya, alisoma kila mstari kwa makini, akamrudishia ukurasa wa nne kwa sababu alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, akamtafutia kalamu nyingine yeye mwenyewe kwenye droo. Ilimchukua muda kuipata. Kisha akagonga muhuri, akasema, "Nenda, ndugu. Una dakika arobaini na tano."

Mbaruku alivuka mstari akiwa na karatasi mkononi. Alipoingia chumbani Makame alikuwa amekwisha kumfumba macho.

"Sasa hivi tu," alisema Makame. Alikuwa analia waziwazi, na mkono wake ulikuwa bado chini ya bega la mama, la kushoto. "Mkono wako aliutaka. Nikampa wangu. Akaupapasa, akasema, huu si wake."

Mbaruku alitaka kukaa chini akakuta ameshakaa.

Mazishi yalikuwa makubwa. Hemedi alikuja na bendera yake ya kuongozea ndege. Kamati ya Kuipa Nchi Jina ilituma wajumbe watano na udhuru wa wengine. Mbaruku hakuruhusiwa kuchimba, maana ofisa wa daraja la tatu hachimbi. Aliwekewa kiti. Mama yake alipokelewa kaburini na watu wawili kutoka uchochoroni, waliovua tai zao wakazitia mfukoni.

Bwana Ndimbo alifungua faili. Akawasoma Hemedi, Salha na Zaituni, kisha akavuta pumzi.

"Na Mbaruku, Ofisa Mtunza Mama, Daraja la Tatu!"

Watu wakageuka kumtazama. Hemedi alimminya bega, akamnong'oneza, "Umetutoa kimasomaso, mdogo wangu." Zaituni alifuta machozi. Mbaruku alikuwa ameingoja sauti ile tangu alipokuwa shimoni na kichwa cha baba yake mikononi. Sasa imekuja, ikapita. Aliona haya kiasi kwamba alitamani kaburi liwe pana zaidi. Yeye ndiye aliyesomwa kuwa mtunza mama, na mama yake alikufa ameshika mkono mgumu wa mchoraji wa barabara. Huyo Makame alikuwa amesimama nyuma kabisa, kwa kuwa mama aliyekuwa akimtunza amefariki na kwa hiyo, tangu Jumatano saa nne na nusu, alikuwa mwingine.

Tena Makame hakuwa na pa kurudi. Mama mmoja, kwa mujibu wa waraka, hawezi kuwa na watunzaji wawili, mmoja wa kazi na mwingine wa tabia, na nafasi ya Bi Nunu ilikuwa ya Mbaruku. Kwa hiyo mchana kutwa Makame alizungukazunguka uchochoroni, anaisikiliza sauti ya mama yake ikimwita mtu mwingine kwa jina lake.

Mbaruku alistahimili siku nane. Siku ya tisa alikwenda ofisi ya mtaa, akavua kitambulisho, akakiweka juu ya meza kati ya vibao.

"Naacha kazi."

Bwana Ndimbo alicheka. Alipoona Mbaruku hacheki, alifunga mlango na dirisha.

"Ndugu yangu, umefiwa, akili haijatulia. Mtu huachishwa. Kuacha mwenyewe hakupo. Hata fomu hatuna."

"Basi naacha bila fomu. Makame arudi kwa mama yake."

"Unajua maana yake?" Bwana Ndimbo alishusha sauti. "Wasifu wa marehemu husomwa tena siku ya arobaini, ukiwa umesahihishwa. Jina lako nitalitoa. Sitaki, lakini nitalitoa. Mama yako si alitaka wanne?"

"Alitaka wanne, na wanne ukawasoma, mheshimiwa. Yeye hakuwepo kusikia." Akakisogeza kitambulisho mbele. "Na mimi sikuwepo wakati yeye ananiita. Naona tuko sawa hapo. Siku hiyo ya arobaini, nitaruhusiwa kuosha vyombo?"

Bwana Ndimbo alitafuta katika kitabu, ukurasa baada ya ukurasa.

"Kuosha vyombo hakuhitaji jina," alisema mwishowe. Kisha, baada ya Mbaruku kuondoka, akaandika kwenye daftari kwamba ofisa ametoroka kazini kwa sababu zisizojulikana, na uchunguzi unaendelea.

Mbaruku alipitia kwa Bi Nunu kuchukua koti lake. Makame, aliyeambiwa tangu asubuhi, alikuwa ameshaingia, kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, amepiga magoti mbele ya mama yake. Bi Nunu alikuwa anampapasa uso kuanzia kipaji mpaka kidevu, anarudia tena, kama mtu aliyeambiwa akihesabu vibaya atanyang'anywa. Mbaruku aliliacha koti.

Arobaini ilifika. Wasifu ulisomwa barazani kwa kipaza sauti, na nyuma ya nyumba kilichosomwa hakikusikika vizuri, kwa sababu huko kulikuwa na masufuria kumi na mawili ya pilau yameganda ukoko, na Mbaruku alikuwa anayasugua kwa majivu na kamba ya nazi, miguu peku, shati limelowa.

Akaja mama mmoja mgeni, wa mtaa wa mbali, analeta sahani chafu. Alimtazama yule mtu mzima aliyechutama peke yake, anasugua na huku machozi yanamtoka bila kuyafuta. Akaingiwa na huruma.

"Pole, baba. Marehemu alikuwa nani wako?"

"Mama yangu," alisema Mbaruku.

Yule mama, aliyelelewa katika nchi ile na kujua adabu zake, alisimama na sahani mkononi akingoja amalizie kwa kutaja yuko wapi siku hizi. Mbaruku akavuta sufuria jingine.